Sura ya Sita: Meza ya Dakta Dudley

Kipande cha nondo kilichokuwa mezani siku ile kilikuwa na urefu wa mita moja kamili. Mama Mwenyekiti alikikata jioni ya jana yake kwa msumeno wa chuma, kutoka kwenye nondo aliyoinunua katika duka la hadiwea karibu na kwake. Alikifungua kutoka kwenye kanga, akakilaza juu ya mizani tuliyoiazima maabara, kisha akavuta kiti chake nyuma ili kila mjumbe aone. Nondo ya milimita 12 inatakiwa iwe na uzito wa gramu 888 kwa kila mita. Mizani ilionyesha 764.

Tulikuwa katika kikao cha tatu cha kamati iliyoandaa masharti ya nondo. Mimi nilikuwa katibu, mhandisi kijana niliyepewa kazi hiyo kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Walikuwapo watu wa viwanda, wakandarasi, mhadhiri mmoja, waagizaji wa chuma na mzee mmoja aliyewakilisha mafundi ujenzi. Posho ya kikao haikuwapo. Ilikuwapo nauli, chai ya rangi na maandazi, na vikao viwili vya kwanza vilikuwa vimekwisha kwa watu kunyosheana vidole.

Nilidhani Mama sasa angemgeukia meneja wa kiwanda na kumbana mbele yetu. Wengine, nafikiri, walikuwa wakilisubiri hilo kwa hamu.

"Bwana Meneja," alisema, "sikukileta hapa kukuaibisha. Hakina alama, kwa hiyo hata sijui kimetoka kwa nani. Wewe unaijua kazi hii kuliko sisi sote. Tusaidie tu: nondo kama hii inafikaje sokoni?"

Yule bwana alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mama, kwa heshima yako nitasema. Sisi tunanunua chuma chakavu kwa kilo, lakini dukani nondo inauzwa kwa kipande. Mteja anahesabu vipande, hapimi. Kiwanda kinachotoa uzito kamili kinaonekana ghali. Jirani akipunguza kidogo, nawe unapunguza, la sivyo unafunga."

Hesabu yake ni rahisi na inatisha. Kipenyo kikipungua kutoka milimita 12 hadi 11, jicho halioni tofauti, lakini chuma kilichopungua ni asilimia 16. Nguzo inajengwa, zege linamwagwa, na ile asilimia 16 haipo ndani yake. Katika vikao viwili vya kulaumiana hakuna aliyewahi kutueleza jambo hilo. Liliposemwa, mkandarasi aliyekuwa mkali kuliko wote akavua miwani akaanza kuuliza maswali ya kweli, na kabla ya adhuhuri tulikuwa na rasimu ya vifungu vinne. Kimoja nilikiandika mimi: kila mtumba wa nondo uwe na lebo yenye jina la kiwanda na uzito. Nitakirudia.

Miaka mingi baadaye nilianza kusoma historia ya vyama vya wahandisi wanaoshughulika na chuma, saruji, kauri na plastiki, yaani wahandisi wa vifaa. Humo nikakutana na mtu aliyeniweka tena mbele ya ile mizani.

Charles Benjamin Dudley alizaliwa mwaka 1842 katika jimbo la New York. Alipigana katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, akajeruhiwa mguu mwaka 1864, na tangu hapo akatembea akichechemea. Alisoma Yale hadi akapata udaktari wa kemia mwaka 1874. Mwaka uliofuata alihamia Altoona, mji wa karakana na moshi uliokuwa roho ya kampuni ya reli ya Pennsylvania. Mkemia ndani ya kampuni ya reli lilikuwa jambo geni. Kazi yake ilikuwa kupima vitu vyote ambavyo kampuni ilinunua: mafuta ya taa, sabuni, rangi, vilainishi, na juu ya yote chuma cha reli, maana reli zilikuwa zikilika na kuvunjika na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini moja inadumu miaka na jirani yake inachoka mapema.

Mwaka 1878 Dudley alitoa makala iliyowachoma watu. Alikuwa amechukua reli zilizokwisha kutumika, akapima kemia yake na nguvu zake, akalinganisha na jinsi zilivyolika. Akasema kwamba chuma laini, chenye kaboni karibu asilimia 0.3, kinadumu kuliko kile kigumu. Akapendekeza kampuni ya reli imwandikie mwenye kiwanda reli iwe na kemia gani.

Wenye viwanda walikuja juu. Kwao mnunuzi alikuwa mtu wa kulipa na kuchukua, na mkemia mmoja wa Altoona kuwafundisha kuyeyusha chuma waliliona ni dharau. Walimshambulia katika mikutano ya wahandisi, na baadhi ya hoja zao zilikuwa nzito: vipimo vyake vilikuwa vichache, njia za reli hazifanani, mizigo haifanani. Upande wa pili nao ulikuwa na kosa lake. Kampuni za reli zilizoea kuandika masharti zikiwa peke yake, bila kujua tanuri linaweza nini na haliwezi nini, kama mahari inayotajwa na upande mmoja bila kuuliza mwenzake ana ng'ombe wangapi. Masharti ya namna hiyo yalileta bei ya juu, kesi na reli mbaya kama zile za mwanzo.

Mtu mwingine angetumia miaka iliyobaki kuthibitisha kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Dudley aliendelea kuchunguza, lakini katika ule ugomvi aliona kitu kikubwa kuliko reli. Mwenye kiwanda anajua chuma kinavyofanya tanurini na kwenye mashine za kukipitisha. Mwenye reli anajua kinavyofanya miaka kumi baadaye, chini ya magurudumu, kwenye baridi na kona. Hakuna kati yao mwenye elimu nzima. Basi masharti mazuri hayawezi kuandikwa mpaka hawa wawili wakae chumba kimoja, na wakae mara nyingi, mpaka kila mmoja aache kumwona mwenzake kama mwizi.

Wazo la kukaa pamoja lilikuwa hewani. Huko Munich, Johann Bauschinger alikuwa amewaita wapimaji wa vifaa kutoka nchi mbalimbali mwaka 1884 ili wakubaliane namna ya kupima, kwa sababu kipimo kinachofanywa kwa njia kumi kinatoa majibu kumi. Alifariki mwaka 1893, na wenzake wakaunda chama cha kimataifa huko Zurich mwaka 1895. Tarehe 16 Juni 1898, watu 70 walikutana Philadelphia kuunda tawi la Marekani. Mwaka 1902 tawi hilo likajisimamia lenyewe kwa jina la American Society for Testing Materials, ambalo ulimwengu wa leo unaliita ASTM. Dudley akawa rais wake, akabaki katika kiti hicho hadi alipofariki Desemba 1909. Muda wote huo mshahara wake ulitoka reli. Chama kilipata usiku wake, safari zake na subira yake.

Subira hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Katika kamati zile, walioketi upande mmoja walikuwa wanauza kwa walioketi upande wa pili. Kila neno lililoandikwa lilikuwa fedha. Kupunguza fosforasi kidogo katika chuma kulimaanisha madini mengine, tanuri lingine, gharama nyingine. Mwenyekiti ambaye angeharakisha kura angeshinda siku hiyo, kisha viwanda vingekataa kutengeneza, na karatasi ingebaki kabatini. Dudley alishikilia kwamba idadi ya wazalishaji isiwazidi wengine, na kwamba kiti cha mbele kisikaliwe na muuzaji. Kisha akawaacha watu waseme. Kikao kikikwama kiliahirishwa, vipimo vipya vikafanywa, watu wakarudi.

Nataka pia kumtaja Edgar Marburg, profesa wa uhandisi wa majengo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambaye alikuwa katibu wa chama hicho kuanzia 1902 hadi alipofariki mwaka 1918. Historia humkumbuka mwenyekiti na kumsahau katibu, nami niliyeandika mihtasari kwa miaka mingi sikubaliani na historia hapo. Barua zote zilipita mkononi mwa mtu huyo. Yeye ndiye aliyejua nani amekasirika, nani hajajibu, kifungu kipi kilibadilishwa neno baada ya chakula cha mchana. Kamati isiyo na katibu mwaminifu hubishana upya kila inapokutana, kwa sababu hakuna anayekumbuka walikubaliana nini.

Masharti yao kuhusu reli za chuma yalipewa alama ya A1, na alama hiyo ipo hadi leo. Ukiifungua A1 ya sasa utaona kitu ambacho mwanzoni kilinishtua. Chuma kinachotakiwa leo kwa reli nzito kina kaboni zaidi ya asilimia 0.7. Ni chuma kigumu. Mizigo iliongezeka, magurudumu yakawa mazito, elimu ikasogea, na jibu la Dudley la mwaka 1878 likaachwa nyuma. Kilichosimama ni ile meza. Waliolibadilisha jibu lake walikuwa wajumbe wa kamati aliyoijenga, wakitumia utaratibu aliowazoesha, na sioni heshima kubwa kuliko hiyo kwa kiongozi wa wanasayansi.

Chama kingine cha wahandisi wa vifaa kilizaliwa Detroit, na hadithi yake ilianzia chini zaidi, kwa mhunzi.

Mwaka 1913 mji ule ulikuwa umeshikwa na homa ya magari. Ford alikuwa akianzisha mstari wake wa kuunganisha magari, na kila gari lilihitaji gia, ekseli na springi zilizofanywa ngumu kwa moto. Kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa watu waliojifunza kwa macho. Unapasha chuma mpaka kiwe na wekundu wa aina fulani, unakitosa kwenye maji au mafuta, kinakuwa kigumu lakini kinavunjika kama sahani. Hapo unakipasha tena taratibu ili kupunguza ukali, ukitazama rangi inayotambaa juu ya uso wake uliosuguliwa: manjano hafifu kama majani makavu kwenye nyuzi 220 hivi, zambarau kwenye 280, buluu ikikaribia 300. Fundi anayejua hukitoa pale pale rangi inapofika. Wahunzi wetu husema wanakitia chuma maji, na wanajua kwamba kufumba na kufumbua kunatosha kuharibu kazi ya asubuhi nzima.

Elimu hiyo ilikuwa siri. Kila karakana ilikuwa na mzee wake na ndoo yake ya mafuta isiyoguswa na mtu mwingine, na mzee akifa, gia zilianza kuvunjika. William Park Woodside, aliyetoka katika kazi hiyo ya uhunzi, aliwakusanya wenzake wa Detroit wakaanza kukutana na kuelezana walichokuwa wakificha. Wakajiita klabu ya watia joto wa chuma. Nikifikiria kikao chao cha kwanza naona ugumu wake: wanaume ambao mkate wao ulitegemea siri, wameketi wakitazamana, kila mmoja akingoja mwingine aanze. Anayesema kwanza anajitoa mhanga. Naamini Woodside, kama kila anayewaita wenzake kwa jambo la namna hiyo, ilimpasa akubali kutoa cha kwake kabla ya kudai cha wengine.

Klabu ilienea hadi Chicago. Kama kawaida ya watu ikagawanyika, kukawa na vyama viwili, na mwaka 1920 vikaungana tena kuwa kimoja. Mwaka 1933 kikawa chama cha metali cha Marekani, na tangu 1986 kinaitwa ASM International, kwa kuwa siku hizi kinashughulika na kauri, plastiki na vifaa vya mchanganyiko pamoja na metali. William Hunt Eisenman alikuwa mtendaji wake kwa miaka 40, kuanzia 1918 hadi 1958, na katika miaka ya 1920 wanachama walianza kuchapa kurasa za takwimu zisizojalidiwa: chuma hiki, joto hili, ugumu huu. Mwanachama alizipokea na kuzibana kwenye jalada lake. Zikakua zikawa kitabu, na kitabu kikawa mfululizo wa zaidi ya juzuu 20, ambazo kwa sehemu kubwa zimeandikwa na watu wasiolipwa kwa kuandika. Mwanafunzi wa uhandisi wa Dar es Salaam anayetafuta kwa nini bolti imevunjika huishia humo. Siri za wazee wa Detroit zimefika mikononi mwake.

Hapa siwezi kuacha kuwataja wahunzi wa Buhaya. Mwanaakiolojia Peter Schmidt na mhandisi Donald Avery walipowaendea katika miaka ya 1970, uyeyushaji wa chuma wa kienyeji ulikuwa umekoma kwa miongo kadhaa, kwa kuwa chuma cha dukani kiliua soko lake. Waliobaki walikuwa wazee. Wakajenga tanuri upya kwa kukusanya kumbukumbu, huyu akikumbuka udongo, yule akikumbuka matete na mkaa, mwingine mirija ya udongo inayoingizwa ndani ya tanuri ili hewa ipate moto kabla ya kufika kwenye mkaa. Mwaka 1978 matokeo yakatangazwa katika jarida la Science, na ulimwengu ukasikia kwamba ustadi huo magharibi mwa Ziwa Viktoria ulianza tangu zama za kale. Elimu hiyo iliponea chupuchupu. Wangechelewa miaka ishirini tu, wasingekuwapo wazee wa kukaa pamoja.

Makao ya ASM yako mashambani Ohio, mahali panapoitwa Materials Park. Juu ya jengo lake, tangu 1959, limesimama kuba kubwa la aluminiamu la aina aliyoifanya maarufu Buckminster Fuller. Halina kioo wala paa, ni mabomba matupu yaliyofumwa kama susu, mvua na theluji vinapita. Chini yake kuna bustani yenye mawe ya madini, kila jiwe na jina lake. Mtu anayeingia kikaoni anapita kwanza kati ya mawe ambayo kazi yake yote inatoka humo. Rais wa chama hukaa mwaka mmoja tu. Kabla ya hapo ni makamu, baada ya hapo ni rais mstaafu anayesaidia, kisha anarudi kuwa mwanachama kama wengine. Napenda utaratibu huo. Mtu akijua ana mwaka mmoja, hajengi himaya. Anashika kazi aliyoikuta na kuimaliza, na aliyoianza anamkabidhi anayefuata.

Lakini kazi kubwa ya kujitolea haifanywi na marais. Inafanywa na mtu anayebaki ofisini baada ya saa za kazi kusoma rasimu ya kurasa 30 kuhusu namna ya kupima ugumu wa chuma, na kuandika pembeni kwamba katika aya ya 7 neno "inashauriwa" libadilishwe liwe "lazima". Msomaji atasema hilo ni jambo dogo. Hebu tuone. Rasimu ikisema inashauriwa kupima sehemu tatu, maabara yenye haraka itapima moja na haijavunja sharti lolote. Ikisema lazima, maabara ndogo isiyo na uwezo inaweza kufungiwa mlango wa biashara. Neno moja linaamua nani anaishi kwa kazi hiyo na nani yuko salama chini ya daraja. Nimewahi kuona watu wazima wenye shahada tatu wakilibishania saa mbili na nusu, na walikuwa na haki.

Katika ASTM, mjumbe anayepiga kura ya hapana anatakiwa aandike sababu. Akishaandika, kamati haiwezi kumpita tu kwa kuwa yuko peke yake. Hoja yake inasomwa na kujadiliwa, na wakitaka kuiweka kando kwa kuwa haina uzito, wanahitaji theluthi mbili ya kura kufanya hivyo, pamoja na maelezo. Mtu mmoja kutoka maabara isiyojulikana anaweza kusimamisha hati iliyopendwa na viwanda vikubwa mpaka ajibiwe. Kiongozi anayeongoza mahali penye sheria hiyo hujifunza tabia ya pekee: anapoona kura moja ya hapana kati ya mia, haoni kero, anaona kwamba huenda kuna mtu mmoja aliyeona ufa. Kila hati hupitiwa upya ndani ya miaka mitano, na isipopitishwa tena mpaka mwaka wa nane huondolewa. Hakuna aliyeandika kitu cha milele.

Siwezi kuficha upungufu wa mambo haya. Kujitolea kuna gharama, na gharama huchagua watu. Kamati zinapokutana katika hoteli ya mji wa mbali, anayefika ni yule ambaye mwajiri wake amemlipia tiketi, na mwajiri hulipa tiketi pale anapoona faida. Fundi anayefunga nondo kwa mikono yake hana mwajiri wa namna hiyo. Mwenye nyumba itakayojengwa hana habari kwamba kikao kipo. Usawa wa kura kati ya wazalishaji na watumiaji ni kitu kizuri sana, ila mtumiaji lazima kwanza awe chumbani. Kura za mtandaoni zimepunguza pengo hilo. Tangu 2001 ASTM pia imekuwa na makubaliano na mashirika ya viwango ya nchi zinazoendelea, yanayowapa wataalamu wao nafasi ya kushiriki na kutumia hati zake. Mlango uko wazi zaidi kuliko zamani. Kinachokosekana kwetu mara nyingi ni bosi wa kumwambia mhandisi wake: saa mbili za kila Alhamisi ni za kamati, wala sitakuuliza umeleta tenda gani.

Hata hivyo, kujitolea kupo kwetu pia. Desemba 2019 chama cha utafiti wa vifaa cha Afrika kilifanya mkutano wake wa kumi Arusha. Mkutano kama ule hutegemea watu wa kupanga mabasi, kusoma mihtasari ya makala mamia usiku, kumtafutia mwanafunzi wa udaktari mahali pa kulala na kuhakikisha projekta inawaka. Kwa lugha ya Upareni na Usambaani huo ni msaragambo: mwito unatolewa, watu wanatoka na majembe, mfereji unachimbwa, na maji yanapita katika mashamba ya wote, hata ya aliyekuwa mgonjwa siku ya kuchimba. Kiongozi wa msaragambo hatambulikani kwa kusimama pembeni akielekeza. Anatambulikana kwa tope.

Mama Mwenyekiti alikuwa wa aina hiyo. Alikuwa amestaafu kazi ya barabara, magoti yakimsumbua, na alipanda daladala mbili kufika kikaoni. Sikuwahi kumsikia akisema neno uongozi. Alinifundisha kuandika jina la kila aliyetoa hoja, hata hoja iliyokataliwa. "Andika, mwanangu," aliniambia. "Siku moja atasoma mtu."

Hati yetu ilipitishwa. Miaka mitano ikapita na muda wa kuipitia upya ukafika. Mama alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Kiti chake nilikikalia mimi, na ukatibu ulikuwa kwa kijana mwingine. Tulituma rasimu kwa wadau tukitegemea itapita bila maneno, na majibu yote yalikubali isipokuwa moja. Mhandisi wa kike, mwaka wake wa pili kazini, alipinga kifungu kile cha lebo nilichokiandika kwa mkono wangu. Aliandika kwamba lebo hufungwa kwenye mtumba, na dukani mtumba unafunguliwa siku ya kwanza. Mteja ananunua nondo nne, lebo imebaki chini kwenye vumbi. Akataka alama ya kiwanda na ya kipenyo zitokeze juu ya nondo yenyewe, zipigwe kiwandani chuma kikiwa bado chekundu, zirudiwe kwa urefu wake wote.

Moyo wangu ulipinga kabla hata sijamaliza kusoma. Kifungu kile nilikipenda. Niliomba aitwe kikaoni.

Alikuja na mkoba wa kawaida wa begani. Alipopewa nafasi hakusema mengi. Alitoa vipande vitatu vya nondo kutoka maduka matatu, kila kimoja kimefungwa kwenye karatasi ya gazeti, akavipanga mezani mbele yangu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "naomba unionyeshe ni kipi kati ya hivi kimetoka kiwanda gani."

Nilivichukua kimoja kimoja, nikavigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Kisha nikamwomba katibu aandike jina lake, na tukaanza kukifuta kifungu changu.